Deraya za Mchezoni na Kofia ya Pikipiki

Walimu wengi wa sekondari huiona michezo ya video kama mchwa unaotafuna muda wa mwanafunzi, na kwa sehemu kubwa siwalaumu. Hata hivyo imo ndani ya michezo hiyo hesabu moja nzuri sana, hesabu ya deraya, ambayo kijana wa kidato cha pili huipiga kichwani kwa hiari yake, bila kiboko wala ahadi ya zawadi, huku darasani akidai kwamba asilimia zinamshinda. Maoni yangu ni kwamba hesabu hiyo tuichukue, tuilete ubaoni, kisha tuikamilishe. Tukiiacha kama ilivyo, kijana atabaki na nusu ya elimu juu ya kinga ya mwili, na nusu hiyo ndiyo anayopanda nayo pikipiki.

Kwanza tueleze jambo lenyewe, maana msomaji mtu mzima huenda hajapata kuuona mchezo wa aina hii. Mchezaji hujitwalia uhusika wa shujaa katika nchi ya kubuni yenye majoka, wachawi na majitu. Shujaa ana uhai unaohesabiwa kwa namba, tuseme 500. Kila pigo la adui hupunguza namba hiyo, na ikifika sifuri shujaa amekufa. Baina ya pigo na uhai husimama deraya, ambayo wengine huiita dirii, yaani vazi la vita la ngozi au la chuma, pamoja na ngao na chapeo. Deraya nayo ina namba yake. Swali ambalo kila mtunzi wa mchezo hana budi kulijibu ni hili: namba ya deraya itendeni juu ya namba ya pigo?

Jibu la kwanza lilitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson katika Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa karatasi na dadu, ambao ndio mama wa michezo hii yote. Wao waliamua kwamba deraya haipunguzi pigo hata kidogo. Hupunguza uwezekano wa pigo kufika. Katika kanuni zinazotumika tangu mwaka 2000, mshambuliaji hurusha dadu lenye nyuso 20. Ikiwa daraja la deraya ni 15, naye hana nyongeza yoyote, sharti apate 15 au zaidi. Nyuso hizo ni 6 kati ya 20, yaani asilimia 30. Deraya ikipanda hadi 18, zimebaki nyuso 3, asilimia 15. Lakini dadu likikubali, pigo hutua lote zima, kana kwamba shujaa yu kifua wazi. Msomaji na alikumbuke jibu hili, maana nitalirudia mahali ambapo hakulitazamia.

Jibu la pili ni la kutoa. Katika Dragon Quest, mfululizo wa michezo ya Kijapani ulioanza mwaka 1986 kwa utunzi wa Yuji Horii, madhara, ukiacha bahati nasibu kidogo, ni nusu ya nguvu ya mshambuliaji ukitoa robo ya kinga ya mshambuliwa. Adui mwenye nguvu 60 akimpiga shujaa mwenye kinga 40, tunapata 30 toa 10, yaani 20. Kinga ikiwa 80, madhara ni 10. Kinga ikifika 120, ni sifuri. Tazama tabia ya kanuni hii: adui dhaifu hukatika kabisa, lakini jitu lenye nguvu 400 hulijui hata kama umevaa kitu, kwa kuwa 200 toa 10 ni 190. Hii ni deraya ya kifaru dhidi ya miiba. Miiba elfu haimtoboi, risasi moja yatosha.

Jibu la tatu ni la asilimia za kujumlisha. Katika Skyrim ya mwaka 2011 kila alama moja ya deraya huondoa asilimia 0.12 ya pigo la silaha, na watunzi wameweka ukomo wa asilimia 80. Kwa nini ukomo? Hapa ndipo mwalimu apaswapo kuwauliza wanafunzi wake kabla ya kuwajibu. Aliyetoka asilimia 0 akafika 5 alikuwa akipokea 100, sasa anapokea 95, hakuhisi kitu. Aliyetoka 75 akafika 80 alikuwa akipokea 25, sasa 20. Amepunguziwa moja ya tano ya maumivu yake kwa tano zile zile. Aliyetoka 95 akafika 100 amekuwa hafi milele. Alama za mwisho zina thamani kuliko za mwanzo, na mtunzi asipofunga mlango, mchezo umekwisha.

Jibu la nne ndilo nilipendalo, nami nikiri kwamba hulipenda kwa sababu za mtu wa hisabati tu. Pigo huzidishwa kwa 100 na kugawanywa kwa 100 jumlisha deraya. Kanuni ya namna hii, ikiwa na namba tofauti kidogo, ndiyo iliyomo katika Warcraft III ya mwaka 2002, na kwa sura hii hasa imo katika League of Legends ya mwaka 2009. Deraya ikiwa 100, pigo hupungua kwa nusu. Ikiwa 200, hupungua kwa theluthi mbili. Ikiwa 300, kwa robo tatu. Vijana huziona namba 50, 67, 75 wakasema kwamba faida inazidi kupungua, na kwamba fedha za deraya ya tatu zimetupwa. Huu ndio ubishi mkubwa wa wachezaji, nao wengi wao wamekosea. Hesabu mapigo, usihesabu asilimia. Shujaa mwenye uhai 500 anayepigwa mapigo ya 100 hufa kwa pigo la 5. Akiwa na deraya 100 hufa kwa pigo la 10. Akiwa na 200, la 15. Akiwa na 300, la 20. Kila deraya 100 imemwongezea mapigo 5, haikuzidi wala haikupungua. Jedwali moja linapinda na jingine limenyooka kama rula, nalo jambo ni lile lile. Mwanafunzi aliyeliona hili kwa macho yake hatapumbazwa kirahisi na asilimia za matangazo ya biashara.

Shule zetu nyingi haziruhusu simu, wala sidai ziruhusu. Kanuni zote nne zaandikika ubaoni kwa chaki, na dadu lenye nyuso 20 huweza kuwa karatasi 20 zilizokunjwa ndani ya kopo. Mtoto ambaye hajapata kushika simu ataelewa sawa na mwenzake.

Mpaka hapa nimezisifu kanuni hizi. Kasoro yake ni kwamba zote nne zimesahau kitu kimoja, nacho ni mwili wenyewe. Namba imepigana na namba. Hakuna ngozi, hakuna mfupa, wala hakuna muda wa kusimama. Deraya ya kweli hufanya kazi kwa njia nyingine, na Afrika Mashariki ina mifano yake, baadhi hatua chache tu kutoka uani.

Chukua ngao ya Kimaasai, ya ngozi ya nyati. Haishindani na mkuki kwa ugumu, maana chuma ni kigumu kuliko ngozi yoyote. Kwanza hushikwa mkononi ikielekezwa kwa mshazari, mkuki ukateleza badala ya kutoboa. Pili hukubali kubonyea, ikaula mwendo wa mkuki kidogo kidogo. Tuseme mkuki wa kilo 1 umerushwa kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde. Nishati mwendo yake ni nusu ya tungamo mara mraba wa kasi, yaani jouli 112 na kitu. Sasa tuseme risasi ya gramu 15 inakuja kwa mita 450 kwa sekunde. Nyepesi kuliko mkuki mara sitini na zaidi, lakini nishati yake ni kama jouli 1,500, na yote imo katika ncha isiyozidi upana wa kidole. Kanieneo, yaani kani ikigawanywa kwa eneo inapoangukia, ndiyo inayotoboa. Ngao iliyotosha kwa mkuki haikuwa mbaya risasi zilipofika. Iliundwa kwa swali jingine.

Wahehe walilielewa hilo mapema. Tarehe 17 Agosti 1891 pale Lugalo hawakusimama na ngao zao mbele ya bunduki za Zelewski. Waliwavizia askari wake karibu sana, katika safari, kiasi kwamba bunduki haikupata nafasi ya kuwa bunduki. Miaka mitatu baadaye, mnamo Oktoba 1894, ngome ya Mkwawa pale Kalenga ilivunjwa, maana ukuta uliotosha kwa watu wenye mikuki ulikuwa mbele ya mizinga. Na katika Vita vya Maji Maji, vilivyoanza mwaka 1905, maji ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe yaliwaunganisha watu wa makabila mengi kwa namna ambayo hakuna jemadari aliyepata kuiweza. Kama deraya ya mwili, hayakuzuia risasi. Sipendi mwanafunzi awacheke watu wale. Napenda atofautishe kinga ya mioyo na kinga ya kifua.

Watunzi wa michezo nao wameigusa kweli hii. Katika Warcraft III deraya zina aina, na mapigo yana aina, kiasi kwamba mshale unaowaangamiza walio uchi wa deraya haufui dafu mbele ya ukuta wa ngome, lakini zana ya kubomolea ngome huubomoa ukuta huo. Mwalimu wa biolojia anao mfano ulio hai kuliko huo. Kakakuona amefunikwa magamba ya keratini, mada ile ile ya kucha zetu, na akijiviringa kama mpira hata simba huhangaika naye kisha akamwacha. Mwindaji haramu hahitaji jino wala kucha; humwokota tu akamtia guniani. Deraya iliyomlinda vizazi na vizazi ndiyo inayomfanya asikimbie.

Sasa tuje Nkololo. Ni kata ya Wilaya ya Bariadi, katika Mkoa wa Simiyu ulioundwa mwaka 2012, nchi ya pamba na ng'ombe. Nyumba za Usukumani za zamani zilizungushiwa minyaa, na baadhi zimezungushiwa hata leo. Mnyaa hauna ugumu wowote wa kujivunia. Panga butu laukata. Lakini aukataye hurushiwa utomvu, na utomvu huo ukiingia jichoni huunguza vibaya. Wachezaji wa Diablo II ya mwaka 2000 wataitambua deraya hii mara moja: ni ile inayomrudishia mpigaji maumivu yake. Na walipoibuka Sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi, kinga yao kuu dhidi ya wezi wa ng'ombe ilikuwa filimbi na wito uliowafanya watu wa vijiji jirani watoke kwa pamoja na pinde zao. Hakuna mchezo niujuao ulioweza kuipa kinga hiyo namba.

Siku hizi adui wa kijana wa Nkololo si mwizi wa ng'ombe peke yake. Pikipiki ndiyo iendayo sokoni, zahanati, mnadani na shuleni. Nilipopita huko katika msimu wa pamba, niliwakuta vijana watatu kwenye kibanda cha kuchajia simu, pikipiki zao zimeegemezwa kivulini. Walinisalimu kwa heshima, tukazungumza mchezo waliokuwa wakiucheza, nao wanaujua barabara. Kisha mmoja wao akaigonga kofia yake iliyoning'inia kwenye usukani, akasema, "Hii nayo, mwalimu, inapunguza sabini. Ndiyo maana nikiwa nayo naweza kuongeza mwendo." Wenzake wakaafiki. Nilishtuka, si kwa ujinga wake bali kwa ukaribu wake na kweli. Namba aliipata mahali, na ilikuwa karibu sawasawa.

Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kuumia kichwa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia kama 69, na hatari ya kufa kwa asilimia kama 42. Je, asilimia hizo zimehesabu nini? Zimehesabu watu. Maana yake ni kwamba katika ajali, mahali ambapo 100 wasio na kofia wangeumia kichwa, wenye kofia wanaoumia ni kama 31. Hazikusema kwamba kila pigo limekatwa asilimia 69. Hizi ni namba za dadu la mwaka 1974, za uwezekano. Kijana amezisoma kana kwamba ni deraya ya Skyrim. Na aliyeingia katika wale 31 hakupewa theluthi ya jeraha. Zaidi ya hayo, asilimia hizo zilipatikana kwa watu waliokwenda kwa mwendo wao wa kawaida. Atakayeongeza mwendo kwa kuzitegemea amebadilisha dadu lenyewe.

Na tutazame kofia inavyofanya kazi, maana hapa fizikia ya kidato cha tatu yatosha kabisa. Kichwa kikianguka kutoka kimo cha mita 1.5 kinafika chini kwa kasi ya mita 5.4 hivi kwa sekunde. Sharti kisimame. Ukigawanya kimo cha kuanguka kwa umbali wa kusimamia unapata, kwa wastani, ni mara ngapi ya mvutano wa dunia kichwa kinavyokatizwa mwendo. Kichwa kitupu husimama ndani ya milimita chache za ngozi, tuseme 3: gawanya 1,500 kwa 3, unapata mara 500. Ndani ya kofia nzuri, chini ya gamba la nje, limo tabaka la povu gumu. Likibonyea milimita 25, gawanya 1,500 kwa 25, unapata mara 60. Kofia haikupunguza nishati hata jouli moja. Imeipa nafasi na muda wa kutumika mahali pengine pasipo ubongo. Kazi hiyo ni ya povu, siyo ya gamba. Kofia ya gamba tupu, hata liwe gumu namna gani, au ile ya mafundi wa ujenzi ambayo wengine huivaa ili kumridhisha askari wa barabarani, haina povu la kubonyea.

Sasa ongeza mwendo. Kugonga nguzo kwa kilomita 30 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka mita 3.5, na kofia ile ile, ni mara 140. Kwa kilomita 60 kwa saa kimo kinakuwa mita 14, kwa sababu kasi ikizidishwa kwa mbili nishati huzidishwa kwa nne, na jibu ni mara 560 na zaidi. Yaani mwenye kofia aliyegonga nguzo uso kwa uso kwa kilomita 60 amepata kile alichokipata asiye na kofia aliyeanguka akiwa amesimama. Hesabu hii imemhurumia, kwa kuwa povu likishabonyea lote hugeuka kuwa jiwe. Kwa bahati njema mianguko mingi si ya kugonga nguzo. Kichwa hutua barabarani kwa mshazari, kama mkuki kwenye ngao ya Mmaasai, na ndiyo maana wale 69 wanaokolewa. Lakini mwendo haukununuliwa.

Liko jambo jingine ambalo baadhi ya michezo hulionyesha vizuri: deraya huchakaa. Povu lililokwisha kubonyea halirudi. Kofia iliyopata ajali moja, hata ikiwa gamba lake linang'aa, imekwisha kazi. Kofia za mitumba zinazouzwa bila historia yake, kwangu mimi, ni kama vidonge visivyo na maandishi.

Wapo watakaosema kwamba kuleta majoka na mashujaa katika darasa la fizikia ni kushusha hadhi ya somo. Sikubaliani nao. Somo limeshuka hadhi pale mwanafunzi anapopata alama nzuri katika swali la nishati mwendo, kisha jioni akampakia mdogo wake asiye na kofia kwa kuwa mwenye kofia ni yeye dereva. Sheria inawataka wote wawili wavae. Lakini sheria imeandikwa kwa maneno, na kijana huyu, kama nilivyomwona pale Nkololo, anaamini namba. Basi tumpe namba kamili.

Jaribio halihitaji maabara. Pamba ipo. Mwalimu achukue mayai kadhaa, boksi dogo na rula. Atandaze pamba chini ya boksi kwa unene wa sentimita 1, adondoshe yai kutoka kimo cha sentimita 20, kisha 40, kisha 60, hadi livunjike, na kila kimo kiandikwe. Arudie kwa pamba ya sentimita 3, kisha ya sentimita 5. Wanafunzi wachore grafu ya kimo cha kuvunjikia dhidi ya unene wa pamba, nao waseme wenyewe kama mstari umenyooka au umepinda, na unafanana na kanuni ipi kati ya zile nne. Baada ya hapo pamba ile ishindiliwe kwa ngumi mpaka iwe bapa, yai jipya lidondoshwe kutoka kimo ambacho mwanzo lilisalimika, na aliye na kofia ya pikipiki nyumbani aambiwe aje nayo kesho yake, ili darasa lipime unene wa povu lake kwa rula ile ile.